Pakiti inayokwenda isirudi: ruta, faiwoli na laini ya kukodi pale Malaba

Nilifika Malaba saa nne asubuhi, upande wetu wa Uganda. Nje malori yamejipanga kama kawaida yake, na ndani ya ofisi ya mawakala wa forodha makarani watano wameegemeza simu zao kwenye kompyuta wakigawana bando ili waingie ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha. Laini ya kukodi, yaani laini ya intaneti ya ofisi peke yake, ilikuwa imeshafungwa na taa zote za kijani zinawaka.

"Shikamoo, Hajati," nikamwamkia mwenye ofisi.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, intaneti nimeilipia wiki mbili sasa, mbona watoto wangu bado wanakula bando?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu kosa nililolikuta pale nimelikuta pia Kampala na Tororo, na kila mara fundi aliyenitangulia alikuwa ameapa kwamba laini ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima!

Tuanze na kabati la vifaa lenyewe. Faiba inaingia kutoka kwenye nguzo hadi kijisanduku cha kugeuza mwanga kuwa umeme. Hapo inatoka kebo ya kawaida ya mtandao kwenda kwenye ruta, kifaa kinachoelekeza data njia yake, kutoka ruta kwenda faiwoli, mlinzi wa mtandao wa ndani, na kutoka faiwoli kwenda swichi ya ofisi, inayogawia kompyuta. Zamani kazi ilikuwa ngumu zaidi. Laini ya E1, aina ya zamani ya laini ya kukodi, ya megabiti 2.048 kwa sekunde, ilihitaji poti (matundu ya kuchomekea) na kebo za pekee, kwa hiyo ruta haikuepukika. Siku hizi faiwoli nyingi zingeweza kuchomekwa moja kwa moja, na kama ofisi ni ndogo na laini ni moja, mimi huwashauri wenye ofisi wasinunue ruta. Kwa Hajati iliwekwa kwa sababu ana mpango wa kuongeza laini ya pili, na pia mtambo wa simu utakaokaa nje ya faiwoli.

Kampuni ya intaneti ikikupa laini ya namna hii hukupa mafungu mawili ya anwani, yaani namba za kutambulisha vifaa mtandaoni, na watu wengi huchanganyikiwa hapo. Fungu la kwanza ni dogo, la /30: anwani nne, mbili tu zinatumika, moja yao na moja yako. Hilo ni daraja baina ya ruta yao na yako. Fungu la pili, tuseme la /29, lina anwani nane, sita zinatumika, na hilo ndilo lako la kuishi nalo. Anwani ninazoandika hapa ni zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano, msizichomeke kwenye ruta mkanilaumu.

Upande wa ruta, kwa lugha ya ruta za Cisco, kazi yote ya msingi ni hii:

interface GigabitEthernet0/0
 ip address 203.0.113.2 255.255.255.252
 no shutdown
interface GigabitEthernet0/1
 ip address 198.51.100.9 255.255.255.248
 no shutdown
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 203.0.113.1

Poti ya kwanza inaitazama kampuni, ya pili inaitazama faiwoli, na mstari wa mwisho unasema: usichokijua, mpelekee 203.0.113.1. Ile "no shutdown" msiidharau. Poti za ruta hizi huja zikiwa zimezimwa, na nimewahi kuona mtu akibadilisha kebo tatu kabla ya kukumbuka.

Faiwoli nayo poti yake ya nje inapewa 198.51.100.10, na njia yake ya msingi inaelekea 198.51.100.9, yaani ruta. Kompyuta za ndani zina anwani za binafsi, 192.168 na kuendelea, na faiwoli ndiyo inayozigeuza zitoke kwa sura ya 198.51.100.10. Ugeuzaji huo, NAT, ufanyike hapo tu. Ruta ipitishe, basi.

Sasa pale Malaba fundi aliyetangulia alikuwa ameweka yote haya sawasawa. Akajaribu kupingi, yaani kubisha hodi kwa pakiti ndogo ya data, 8.8.8.8 ya Google kutoka kwenye ruta, ikajibu. Akapingi ruta kutoka kwenye faiwoli, ikajibu. Kompyuta, kimya. Akakuna kichwa, kisha akaweka NAT nyingine kwenye ruta, na intaneti ikafunguka. Akapokea pesa yake akaondoka.

Lakini ofisi ya Hajati inaunganishwa na makao makuu Kampala kwa VPN, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, na faiwoli ya Kampala imeambiwa imkubali mgeni mmoja tu: 198.51.100.10. Kwa ile NAT ya pili, mgeni alifika na jina la 203.0.113.2. Akafungiwa mlango. Na kwa kuwa faiwoli ya Hajati huipeleka ASYCUDA na mifumo mingine ya kazi kupitia Kampala, kwao ilikuwa sawa na kutokuwa na intaneti kabisa.

Swali ni hili: kwa nini ruta ilijibiwa na kompyuta hazikujibiwa? Ruta ikipingi bila kuelekezwa hutumia anwani ya poti inayotokea, yaani 203.0.113.2. Anwani hiyo kampuni inaijua, iko mlangoni pake, jibu linarudi. Pakiti ya faiwoli inatoka na 198.51.100.10. Inakwenda vizuri, inafika Google, Google inajibu. Jibu likifika kwenye kampuni, hakuna ruta yao inayojua fungu hilo linakaa wapi. Pingi ile ya kwanza ilipima daraja, haikupima nyumba.

Nikafuta kwanza NAT ya ruta, kisha nikaandika:

ping 8.8.8.8 source 198.51.100.9

Nukta tano. Hakuna hata jibu moja. Nikachukua simu yangu, nikazima waifai, nikafuatilia njia ya kwenda 198.51.100.10 kwa bando la mtandao mwingine. Pakiti iliingia kwenye kampuni yao ikaanza kuzunguka baina ya ruta mbili zilezile, huku na kule, mpaka idadi ya hatua ikaisha. Kila moja ilikuwa inamsukumia mwenzake. Nikapiga picha kioo.

Kijana wa kituo chao cha huduma alikuwa na adabu lakini mbishi. "Kaka, laini yenu naiona hapa, iko sawa, hata trafiki inapita."

"Laini sina ugomvi nayo, ndugu yangu. Niangalizie tu kama lile fungu la /29 limeelekezwa 203.0.113.2."

Akaniweka nisubiri. Nilimaliza chai na chapati ya Hajati. Aliporudi hakusema kwamba njia hiyo ilikosekana. Alisema "jaribu sasa". Nikajaribu. Alama tano za mshangao, yaani majibu matano, VPN ikasimama, na karani mmoja akachomoa simu yake bila hata kutuangalia.

Kabla ya kuondoka nilihesabu makosa ya poti. Poti ya nje ilikuwa imejishusha hadi nusu-dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu, kwa sababu kijisanduku cha faiba kimefungwa kwenye megabiti 100 dupleksi kamili, kutuma na kupokea kwa pamoja, nayo ruta iko kwenye kujipangia yenyewe. Hali hiyo haikati intaneti, inaitesa tu, na wateja hulalamika kwamba mafaili makubwa yanatambaa. Nikafunga pande zote mbili sawa. Kijisanduku chenyewe kilikuwa kimechomekwa ukutani wakati ruta na faiwoli ziko kwenye UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika, vitu viwili vya bei ghali vingebaki hai bila cha kuviletea intaneti. Nikakihamisha.

Mwisho nikaandika anwani zote kwenye karatasi, ya kampuni, ya ruta, ya faiwoli, na nne zilizobaki wazi. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Hajati akaisoma kwa miwani yake, akauliza kama hizo nne anaweza kumkodishia jirani.