Bledi Kwanza, Mashine Baadaye: Kukata Mapambo ya Mbao Nyumbani

Watu wanaotaka kujifunza kukata mapambo ya mbao kwa kujiburudisha jioni au mwisho wa wiki hufika kwenye karakana yetu ya mafunzo na swali moja: ninunue mashine gani? Jibu langu huwaudhi kidogo. Nunua iliyo ndani ya uwezo wako, pesa itakayobaki inunulie bledi. Skrolisoo, yaani ule msumeno mdogo wa mezani wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka wima, haina maarifa ya kwake. Kazi yake ni kuitikisa bledi tu. Inayokata ni bledi, na kazi nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimeharibika zimeharibikia hapo: bledi si ya saizi yake, imelegea, imechakaa, au mtu ameisukumia mbao kwa pupa.

Wengi huichanganya na jigisoo. Jigisoo unaishika mkononi ukaipeleka kwenye mbao, na bledi yake ni nene kwa sababu imeshikwa upande mmoja tu. Skrolisoo imetulia mezani, bledi imebanwa juu na chini, na kinachozungushwa ni mbao. Kwa kuwa imebanwa ncha zote mbili, bledi inaweza kuwa na upana wa milimita 1 au chini ya hapo, ikapita kwenye kona kali bila kupinda, na ukingo wa mkato ukatoka laini. Unachokosa ni kasi. Mashine nyingi hukata unene wa hadi inchi 2, ila mbao ngumu ya unene huo itakuchosha subira.

Asiye na umeme wa uhakika asingoje. Uko msumeno wa mkono wa aina hiyohiyo: fremu yenye umbo la herufi U, mpini chini, bledi ileile. Utahitaji ubao mdogo wenye mkato wa V, uliofungwa kwenye ukingo wa meza kwa jiriwa. Kazi inalazwa juu ya ule mkato, mpini unakuwa chini ya ubao, na meno ya bledi yanatazama chini ili yakate unapovuta. Kwa kilabu cha shule mimi huanza na huu hata pale mashine ipo, maana mwanafunzi anausikia mkononi mwake uzito wa bledi iliyochoka kabla haijakatika.

Kwenye mashine yenyewe nina masharti mawili tu. La kwanza ni jinsi inavyoshika bledi. Ziko mashine za bei nafuu zinazotumia bledi zenye pini mbili ndogo zilizopita kwenye ncha. Kufunga ni rahisi, lakini ili uipitishe bledi ya namna hiyo ndani ya mbao unahitaji tundu la milimita 5 hivi, na nakshi yenye vitobo vidogo inakuwa imekufa kabla hujaanza. Tafuta mashine inayokubali bledi zisizo na pini. Zenyewe zinapita kwenye tundu la milimita 1 au 1.5.

Sharti la pili ni umeme. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda ni volti 230 hadi 240, hezi 50. Ndugu yako aliye Uingereza au Dubai akikutumia mashine, utaichomeka na itafanya kazi, hata plagi ni ileile ya pini tatu za bapa. Aliye Marekani akikutumia ya kule, isome kwanza kibandiko chake: volti 120, hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza siku hiyohiyo. Yatakayobaki, kama koo la inchi 16 au la inchi 20 (yaani umbali kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma), yanategemea ukubwa wa kazi zako. Kwa anayeanza inchi 16 zinatosha. Kinachofaa zaidi ni swichi ya kupunguza na kuongeza kasi, hasa ukitaka kukata plastiki au shaba nyembamba, ambazo haziwezi kasi ya juu.

Namba za bledi

Bledi hizi zina urefu wa inchi 5 na huuzwa kwa namba. Namba ndogo ni bledi nyembamba. Namba 1 ni ya plaiwudi ya milimita 3 na nakshi nyororo. Namba 5, yenye upana wa karibu milimita 1, ni ya kazi za kawaida za milimita 6 hadi 18. Namba 9 na 12 ni za mbao nene na mikunjo mipana. Ukilazimika kuanza na namba moja tu, chukua 5. Tafuta zenye meno ya kinyume, ambapo meno machache ya chini yanatazama juu. Hayo husafisha upande wa chini wa mbao usitoke vibanzi. Ziko pia bledi za kusokota, zenye meno pande zote, ambazo hukata kuelekea popote bila kuizungusha mbao. Wanaoanza huzipenda kwa sababu hiyo. Mimi sizipendekezi, kwa kuwa njia yake ni pana, ukingo unabaki na manyoya, na mstari ulionyooka huwa mashaka matupu.

Kukaza bledi ni jambo la sikio. Ikishafungwa, ipige kwa kidole kama waya wa gitaa. Inatakiwa itoe mlio wa juu, mkali. Mlio mzito wa kukwaruza maana yake imelegea. Ukiisukuma kwa kidole isisogee zaidi ya milimita 3. Bledi iliyolegea hupinda ndani ya mbao, na utagundua unapogeuza kazi: mstari wa juu umefuata mchoro vizuri, wa chini umeenda kwake.

Halafu liko jambo linalowakatisha watu tamaa bure. Unaifuata penseli kwa uaminifu na bledi inakimbilia upande mmoja, kwa kawaida kulia. Si mkono wako. Bledi nyingi hukatwa kwa kugongwa kutoka kwenye chuma, na upande mmoja wa meno hubaki na ukali zaidi, hivyo bledi huvutika upande huo. Dawa ni kuiingiza mbao kwa mshazari kidogo, nyuzi (digrii) chache tu, na baada ya saa moja mkono unazoea bila kufikiri.

Urefu ambao bledi hupanda na kushuka ni milimita 19 hivi kwenye mashine nyingi. Ukikata plaiwudi nyembamba, meno yanayofanya kazi ni yaleyale ya katikati, mengine yote yanabaki mapya hadi siku unapoitupa bledi. Weka kipande cha ubao wa milimita 12 juu ya meza ya mashine, kitoboe tundu la bledi, kazi yako ipite juu yake. Meno ambayo hayajaguswa yataanza zamu yao. Pale bledi zinapoagizwa kutoka mbali, ujanja huu una thamani ya pesa.

Na usisukume. Mbao ikianza kutoa moshi na ukingo kuwa mweusi, ama bledi imechoka, ama una haraka. Utepe mpana wa plastiki wa kufungia maboksi ukibandikwa juu ya mchoro hupunguza sana kuungua, hasa kwenye mbao ngumu.

Kutoka kwenye karatasi hadi nakshi

Mchoro huchapwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya mbao. Kwanza bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi, kisha juu yake karatasi yenye gundi, ili mwishoni vyote vibanduke pamoja bila kukwangua. Toboa tundu moja kwa drili katika kila sehemu itakayoondolewa. Fungua bledi juu, ipitishe, ifunge, kata, fungua tena. Nakshi yenye vitobo 40 ina maana ya kufungua na kufunga mara 40, na hapo ndipo utakapojua kama burudani hii ni yako.

Anza na vitobo vidogo vya katikati ukitoka nje, na mzingo wa nje uwe wa mwisho kabisa, ili kipande kiwe na nguvu muda wote unapokishika. Kona kali usiigeuze kwa nguvu: rudi nyuma kidogo upande wa mbao ya kutupwa, zungusha taratibu bledi ikiwa inatembea, kisha uendelee. Kwenye mbao halisi, hakikisha sehemu nyembamba za mchoro zinafuata nyuzi za mbao. Zikikata nyuzi zitavunjika kwa kuguswa tu. Plaiwudi haina shida hiyo kwa sababu tabaka zake zimepishana, ila uitazame ubavuni kabla ya kulipa. Nyingi za madukani zina matundu kati ya tabaka, na nakshi ikiangukia kwenye tundu imekwisha.

Mfano mzuri wa kuangalia uko Zanzibar. Jengo la Zahanati ya Kale, lililoanza kujengwa miaka ya 1880 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, lina roshani zilizopambwa kwa nakshi za mbao za kutoboa. Simama mbele yake, tazama jinsi umbo dogo linavyojirudia ubao hadi ubao. Kwa mwanafunzi hiyo ni habari njema: huhitaji kubuni mengi, unahitaji umbo moja lililokaa vizuri na uvumilivu wa kulirudia.

Na kurudia kunarahisishwa kwa kukata rundo. Bandika karatasi nne za plaiwudi ya milimita 3 pamoja kwa utepe wa pande mbili, ukate mara moja, utoke na nne zinazofanana. Ujanja huu ni wa kale. André-Charles Boulle, fundi samani wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, alifariki mwaka 1732, na samani zinazoitwa kwa jina lake zilipambwa kwa shaba na gamba la kasa vilivyokatwa pamoja. Shaba ikaingia kwenye gamba, na gamba lililobaki likaingia kwenye shaba, hivyo mkato mmoja ukazaa mapambo mawili yaliyo kinyume. Wewe jaribu na mfenesi na mninga. Mfenesi ni wa njano, mninga ni wa hudhurungi nyekundu, na kipande kidogo cha mpingo kwa weusi hupatikana kwenye masalia ya wachongaji. Kwa hizo tatu unaweza kutengeneza picha nzima bila tone la rangi.

Ila bledi ikila mbao huacha nafasi. Wanaotaka vipande vikutane bila upenyo huinamisha meza ya mashine kidogo, ili kipande cha juu kitoke kipana juu na chembamba chini, kikishushwa kwenye tundu la ubao wa chini kikakaza kama kizibo cha chupa. Kwa bledi inayoacha njia ya milimita 0.4, mbao za milimita 6 zinahitaji nyuzi 4 hivi, na za milimita 12 karibu nyuzi 2. Zungusha mbao upande mmoja tu mwanzo hadi mwisho, maana ukigeuza mwelekeo mshazari nao unageuka. Jaribu kwanza kwenye masalia.

Kazi inayoombwa zaidi ni majina na maandishi. Hapa mtego ni visiwa. Ukikata neno kwa kutoboa, tumbo la *a*, la *o* na la *b* litadondoka sakafuni. Lazima uache vidaraja vyembamba vya kulishika. Maandishi ya Kiarabu yana mtego mkubwa zaidi, kwa sababu ya nukta: zisipounganishwa na herufi au kubandikwa kwenye ubao wa nyuma, neno linabadilika au linakosa maana. Mpe mtu anayesoma vizuri aupitie mchoro kabla hujatoboa. Na kama ni aya ya Kurani, wateja wengi hawatapenda karatasi ya mchoro iliyobaki ichanganywe na takataka, iweke kando.

Kwa watoto, ramani ya kupanga ndiyo ninayoipenda. Michezo ya kuunganisha vipande ilianza hivyo hivyo, London miaka ya 1760, pale mchongaji ramani John Spilsbury alipobandika ramani kwenye mbao na kuikata kwa kufuata mipaka ya nchi. Ya Afrika Mashariki ina tatizo lake: Rwanda na Burundi zitatoka ndogo mno. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kipande kinachopita kwenye bomba la kipenyo cha milimita 32 anaweza kukimeza au kikamkaba, kwa hiyo ama ikuze ramani, ama ziunganishe nchi hizo na jirani.

Vumbi, vidole na mafuta

Kati ya misumeno ya umeme, huu ni mpole, na upole huo huwafanya watu wauzembee. Vidole vikae pembeni mwa bledi, kamwe visiwe mbele yake. Mikono mipana ya nguo, mtandio unaoning'inia na bangili vibaki nje ya karakana. Bledi itakatika, hilo ni hakika. Ikikatika, kipande cha juu huendelea kudunga hadi mashine isimame, basi usipeleke mkono. Zima, chomoa, ndipo utoe.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Meno madogo hutoa vumbi laini mno, na vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu kwa baadhi ya watu, na la mninga huwasha pua. Emdiefu (MDF), yaani ubao wa unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi, ina vumbi la gundi pia. Vaa barakoa ya kiwango cha N95 au FFP2. Kitambaa hakitoshi. Kata mahali penye hewa, na ufagie kwa kunyunyizia maji.

Ukimaliza, piga msasa namba 120 kisha 220, na kwenye vitobo tumia tupa ndogo. Nakshi yenye matundu mengi usiipake kwa brashi. Itumbukize kwenye sinia la mafuta ya kitani, iache ichuruzike, ipanguse. Mafuta ya nazi hayakauki, yataishia kukusanya vumbi. Ila ya kitani, ambayo hukauka, yana tabia moja ya kujihadhari nayo: yanapokauka hutoa joto, na matambara yaliyolowa yakirundikwa pamoja yanaweza kushika moto yenyewe, bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja hadi yawe makavu na magumu, ndipo uyatupe.