Una baipola na umefiwa? Linda usingizi kwanza

Tukipokea kliniki mgonjwa wa baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda juu kupita kiasi na kushuka kwenye huzuni nzito, wiki moja mbili baada ya maziko, swali letu la kwanza huwa ni umelala lini mara ya mwisho, maana kwenye misiba yetu kulala ni kama kumdharau marehemu, watu wanakesha kwenye mikeka, spika inapiga mapambio mpaka alfajiri, na wewe mfiwa ndo kabisa hutegemewi kufumba jicho. Kwa mwenye baipola kukesha hivyo siku mbili tatu kunatosha kabisa kumpandisha.

Na akipanda ndugu hawashtuki, kwa sababu haonekani mgonjwa. Haonekani kuchoka, anaongea haraka haraka, kashika daftari la michango, kaagiza ng'ombe wa pili, saa tisa usiku anapigia watu simu, na wao wanamsifia eti kajikaza kweli. Jamani, mtafutieni chumba alale, tena hela za msiba zishikwe na mtu mwingine.

Dawa nazo. Mnaondoka ghafla kwenda kuzika kijijini, dawa zinabaki mjini, hapo ndo wengi wanaharibikiwa. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia za baipola, aangalie zaidi, maana usipokula wala kunywa maji na jua la makaburini likakupiga, dawa inazidi kwenye damu. Kichwa kikiuma kwa kulia, jirani akikupa diklofenaki au ibuprofeni kataa, zinaipandisha zaidi, omba panado. Ukianza kutetemeka sana, kutapika, kuharisha au kuyumba ukitembea, nenda hospitali hapo hapo na usimeze dozi nyingine kabla hujaonwa.

Kulia sio ugonjwa, lia tu. Huzuni ya msiba inakuja inaondoka, jioni mtu anaweza hata kucheka wakisimulia vituko vya marehemu. Sonona, yaani huzuni ya ugonjwa, haiachii hivyo, inakwambia huna thamani, kila kitu kosa lako. Ila usiende kujinunulia dawa za sonona famasi, kwa mwenye baipola zikitumika peke yake zinaweza kumrusha juu. Na mtu akisema "bora nimfuate", msimwache peke yake hata dakika, mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Wageni wakishaondoka ndo kazi inaanza, kwa hiyo usingoje arobaini wala tarehe ya kliniki, matanga yakiisha tu njoo uonwe, uje na ndugu mmoja aliyekuwa anakuona unavyolala.