Rangi imetulia, mmenyuko haujatulia

Kobalti kloridi ikigeuka kutoka waridi kuwa buluu na kurudi tena, darasa zima huinuka vitini. Shida huanza mwalimu anapoeleza kilichotokea. Hizi hapa dhana potofu tano.

Dhana: Rangi ikitulia, mmenyuko (badiliko la kikemia) umekoma.
Haukomi. Ioni (chembe zenye chaji) nyingine za kobalti zinaachia maji na kushika kloridi, nyingine zinaachia kloridi na kurudia maji, kwa kasi ileile. Ndiyo maana jicho halioni badiliko.

Dhana: Zambarau maana yake nusu kwa nusu.
Hapa ndipo wengi hukosea, hata walimu wazuri. Umbo la buluu, lenye kloridi 4, hunyonya mwanga zaidi ya mara 100 kuliko lile la waridi lenye maji 6. Buluu kidogo tu inatosha kuimeza waridi. Ukiona zambarau, sehemu kubwa ya kobalti bado imeshikana na maji. Kinacholingana kwenye msawazo, yaani hali hii ya rangi kutulia, ni kasi, si viwango.

Dhana: Moto huleta buluu kwa kukausha maji.
Jaribu uone: yeyusha gramu 2 za fuwele za waridi za kobalti kloridi katika mililita 20 za maji. Ongeza asidi hidrokloriki kali kidogo kidogo, takriban mililita 30, hadi zambarau. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Mvuke wake unachoma koo. Gawa kwenye testitubu 3: moja ya kulinganishia, moja kwenye maji ya nyuzi 80 hadi 90, moja kwenye barafu. Usingoje nyuzi 100: kwa mwinuko wa Dodoma, zaidi ya mita 1,100, maji huchemka kwenye 96 hivi. Sasa hamishia ile ya maji moto, iliyogeuka buluu, kwenye barafu. Inarudi waridi bila kuongezewa hata tone la maji. Ikigoma, asidi imezidi. Ongeza maji tone kwa tone.

Dhana: Joto husukuma mmenyuko mbele siku zote.
Mchanganyiko wa myeyusho wa chumvi ya chuma na thayosayanati, kemikali inayoufanya mwekundu, hukanusha: wekundu wake hufifia ukipashwa moto. Zimua hadi ufanane na chai ya rangi. Ukikolea kama damu, hutaona tofauti.

Dhana: Maji ya kisima ya chumvi yataharibu kila kitu.
Kobalti haijali, kwa sababu kloridi ya kisimani ni kidogo mno mbele ya ile ya asidi. Jaribio la chuma ndilo hudhurika: maji magumu, yaani yenye madini mengi, hulitia ukungu wa kahawia. Kwa hilo tumia maji yaliyokenekwa.

Mabaki ya kobalti yasimwagwe kwenye sinki, ni sumu. Yatie kwenye chupa ya kioo, uandike jina. Mwakani yatafanya jaribio lilelile.