Bruegel Hakuichonga Picha ya Wanawali Kumi

Wengi huamini kwamba picha ya chapa ya wanawali wenye busara na wapumbavu wa mfano wa Yesu, iliyotolewa karibu mwaka 1560, ilichongwa na mchoraji wa Flanders, Pieter Bruegel, mwenyewe. Bruegel aliibuni tu; aliyekata mistari yake kwenye bamba la shaba ni Philips Galle, mzaliwa wa Haarlem, na mchapishaji wake alikuwa Hieronymus Cock wa Antwerp. Chapa pekee inayojulikana kutoka mkononi mwa Bruegel ni ile ya uwindaji wa sungura, ya mwaka 1560. Ubunifu wenyewe, hata hivyo, ni wa kijasiri: wenye busara wanafua na kusokota uzi huku wapumbavu wakicheza ngoma, ilhali Mathayo 25 haitaji kazi wala ngoma, bali upungufu wa mafuta ya taa za wapumbavu, na usingizi uliwachukua wote kumi.