Bahari ni Ileile, na Mengine Tunayodanganyana Kuhusu Fukwe za Dar es Salaam

Dada yangu na shemeji wanaishi Dodoma. Mwaka mmoja walikuja kula Idd kwetu, na watoto wao walikuwa hawajawahi kuona bahari hata siku moja. Baada ya swala na pilau tukajipakia kwenye gari, moja kwa moja Kunduchi. Tulifika saa nne na nusu asubuhi. Bahari haikuwepo.

Nasema kweli, haikuwepo. Kulikuwa na mchanga wenye mikunjo kama kitambaa kisichopigwa pasi, vidimbwi vya maji ya moto, ngalawa mbili zimelala ubavu, na mbali huko mstari mweupe. Akina mama walikuwa wameinama na ndoo zao, wanaokota kombe. Mdogo kuliko wote akanivuta shati: "Mjomba, bahari imekwenda wapi?"

Pembeni alikaa mzee mmoja anaziba nyavu. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akatutazama na majaba yetu ya maji na maboya ya plastiki, akacheka. "Mmeleta wageni siku ya bamvua? Haya, kaeni kivulini. Yanarudi."

Mimi nimekulia Kinondoni. Aibu niliyoipata siku ile ndiyo iliyonifanya nianze kuhoji mambo tunayoyasema kuhusu fukwe za mji huu kana kwamba ni kweli.

"Bahari ni ileile, uende saa yoyote"

Hii ndiyo dhana inayowaharibia watu siku zao kuliko zote.

Maji ya Dar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi kuliko jana. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ukubwa wa kupwa na kujaa unafuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hupita mita 3. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na bahari haiendi mbali wala haiji kwa kishindo. Mita 3 za kwenda juu zinaonekana chache, lakini kwenye ufuko tambarare kama wa Kunduchi, Ununio au Mbweni, maana yake ni mamia ya mita za mchanga mtupu.

Na bamvua ina saa zake. Kwa Dar es Salaam, siku za bamvua maji hupwa kabisa saa nne kwenda saa tano asubuhi, na kujaa kabisa saa kumi kwenda saa kumi na moja jioni. Mwezi uliopita ilikuwa hivyo, mwezi ujao itakuwa hivyo. Mvuvi hahitaji karatasi kulijua hili, anatazama juu usiku.

Sasa fikiria. Idd el-Fitri inakuja mwezi unapoandama. Kwa hiyo Idd el-Fitri, mwaka baada ya mwaka, huangukia bamvua, na Idd Pili ndiyo hasa. Familia zinazowahi asubuhi zinakuta jangwa, kama sisi, na umati wa jioni unafika maji yakiwa yamepanda hadi mwisho. Idd el-Hajj ni kinyume: tarehe 10 ya mfungo tatu inakaribiana na maji mafu, bahari imetulia. Krismasi haina habari na mwezi, inabidi uangalie kila mwaka. Ningependa kusema niliyajua haya tangu utoto, lakini nilifundishwa na mzee wa nyavu, nikiwa na ndevu zangu.

Lakini maji kupwa si hasara. Ukitaka kuwaonyesha watoto kaa na viti vya pweza, yaani nyota za bahari, hizo ndizo saa zake. Vaa viatu tu, maana mwambani kuna vile viduara vyeusi vyenye miiba mirefu, na mwiba wake ukikatikia mguuni utaukumbuka wiki nzima. Na ukiwa umetembea mbali, geuka mapema. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja, huanza taratibu, na saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kurudi ndipo yanapokimbia. Siku ya bamvua hiyo ni kati ya saa saba na saa tisa mchana, wakati watu wengi wamejisahau kwenye fungu la mchanga wakipiga picha.

"Dar bichi ni Coco tu"

Coco naipenda. Mihogo yake ya kukaanga, imepasuliwa katikati ikajazwa pilipili, limau na kachumbari, sijapata mahali pengine ikaliwa vile, na upepo wa saa kumi na mbili jioni pale Oysterbay ni wa bure. Lakini Coco ni sehemu ya kukaa, kula na kutazamana. Kwa kuogelea si ya kwanza kwenye orodha yangu. Sehemu kubwa ya ukingo wake ni mwamba wa matumbawe ya kale, umechongoka, na mchanga umekaa kwa vipande. Maji yakijaa mwamba unafunikwa, na asiyepajua hajui wapi pana kina cha magoti na wapi panashuka ghafla.

Ukienda kaskazini mambo yanabadilika. Ghuba ya Msasani imekingwa, maji yake ni ya ngalawa na boti. Kawe na Mbezi mchanga ni mwingi. Kunduchi ina ufuko mpana na, ukipenda historia, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli na sahani za kauri kutoka ng'ambo. Wengi wanaokwenda kucheza na maji hapo jirani hawajawahi hata kuyachungulia. Mbweni na Ununio kuna mikoko na matope, ndege wengi, watu wachache.

Kusini, Kigamboni, ni bahari ya namna nyingine kabisa. Nitafika huko.

"Mbudya na Bongoyo ni za wazungu"

Nimesikia hili kutoka kwa watu waliozaliwa Kinondoni kama mimi. Visiwa hivi ni hifadhi za bahari za umma. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa mwaka 1975, na baada ya sheria ya mwaka 1994 vikawa chini ya usimamizi wa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kuna kiingilio, na cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Boti za Mbudya zinatoka Kunduchi, za Bongoyo zinatoka Slipway pale Msasani. Mkiwa kundi, mnagawana.

Kisichosemwa vya kutosha ni kwamba visiwani hakuna maji matamu. Hakuna kijiji, hakuna bomba. Utakuta mabanda ya makuti na samaki wa kukaanga na chipsi, lakini maji ya kunywa beba mwenyewe, na taka zako rudi nazo. Muulize nahodha boti ya mwisho ni saa ngapi kabla hujashuka, usiulize wakati wa kurudi.

"Mbele ya hoteli ni mali ya hoteli"

Kwa ufupi: hoteli inaweza kukutoza kwa kupita getini kwake, kwa kiti, kivuli na bwawa. Mchanga unaofunikwa na maji na kufunuliwa si wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tembea na barabara ya pwani uone sheria hiyo inavyoheshimiwa. Tatizo la kweli kwa mwananchi ni njia: ukuta baada ya ukuta, na vichochoro vya kuteremkia baharini vinazidi kuzibwa. Mara moja mlinzi alinizuia nikipita na watoto kwenye mchanga mbichi, kabisa kabisa ukingoni mwa maji. Nilimwuliza kama bosi wake ana hati ya mawimbi. Hakucheka.

"Pale pana jini, kila sikukuu linachukua mtu"

Hapa naandika kwa adabu, kwa sababu kuna familia zimezika. Lakini ukitazama saa na mahali, hesabu inajionyesha. Sikukuu watu ni wengi, wengi hawajui kuogelea, baadhi wamekunywa, na ikiwa ni Idd el-Fitri maji yako juu kabisa jioni. Fukwe nyingi za umma hazina waokoaji. Ongeza msimu: kuanzia Mei hadi Septemba hupuliza kusi, na mwezi Juni hadi Agosti mawimbi ya ukingo unaotazama bahari kuu huwa mazito. Maji yanayosukumwa ufukweni lazima yarudi, na hupenda kurudi kwa kupitia mwanya mmoja kati ya miamba, kwa kasi. Ukiingia kwenye mkondo huo unavutwa nje hata kama unaogelea vizuri.

Anayepona ni yule asiyeshindana nao. Elea, piga kelele, ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye mkondo, halafu ndipo urudi. Na ukiona mtu anazama, mrushie dumu tupu, boya, kamba. Usimrukie. Waliozama wawili wawili mara nyingi mmoja wao alikuwa mwokoaji.

"Chumvi inaua uchafu"

Haiui. Mto Msimbazi unapita katikati ya jiji ukizoa kila kilichotupwa mtaroni, na unamalizikia baharini pale Salenda, jirani na Daraja la Tanzanite. Bomba la majitaka ya katikati ya jiji nalo kwa miaka mingi limekuwa likimwaga upande wa Ocean Road, barabara ambayo tangu 2013 jina lake ni Barack Obama. Mandhari pale ni nzuri mno, tembea, kaa, kunywa dafu. Kuogelea, hapana. Mvua za masika zikipiga, kaa mbali na midomo ya mito yote kwa siku kadhaa, ikiwa ni pamoja na mto Mbezi na mto Tegeta. Rangi ya maji yenyewe itakuambia.

Lakini yale majani marefu yanayorundikana ufukweni wakati wa kusi, yanayowafanya wageni wakunje pua, si uchafu. Ni majani ya bahari yaliyong'oka chini. Yanaoza, yananuka kidogo, na yanashika mchanga usichukuliwe.

"Mchanga upo tu, hauendi popote"

Waulize wa Kunduchi. Kusi inasukuma mchanga kuelekea kaskazini kando ya pwani, na mito ndiyo inayoleta mchanga mpya. Sisi tukauchimba mchanga wa mito kujengea nyumba. Ufuko ukaanza kuliwa. Hoteli ya Africana, iliyokuwa maarufu pwani ile, leo ni jina la kituo cha daladala, na mmomonyoko ni mojawapo ya yaliyoimaliza. Wenye hoteli nyingine wakajenga kuta za mawe zinazoingia baharini. Ukuta unadaka mchanga upande wa kusini wake, na jirani wa kaskazini anabaki na mashimo, kwa hiyo naye anajenga wa kwake. Ukitembea pale maji yakiwa yamepwa, utaona upande mmoja wa ukuta unakanyaga mchanga umejaa, upande wa pili unaruka chini kama unashuka ngazi.

"Kigamboni ni mbali"

Ilikuwa mbali. Tangu Aprili 2016 kuna daraja la mita 680 pale Kurasini, na pantoni ya Magogoni bado inavuka kwa nauli isiyofika bei ya soda. Mimi napendelea pantoni. Dakika chache zile, ukiwa umebanwa kati ya bodaboda na tenga la nyanya, ndipo utakapouona ule mlango mwembamba wa bandari, uliomvutia Sultani Majid kuanza kujenga mji hapa, kando ya kijiji cha Mzizima, miaka ya 1860.

Ng'ambo, pwani inatazama bahari kuu waziwazi. Mchanga ni mrefu na mweupe, mawimbi ni ya kweli, na kwa hiyo msimu wa kusi uwe na heshima nayo. Wakati mzuri ni Oktoba na Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, maji yako wazi unaona vidole vyako. Endelea kusini upite Gezaulole, kijiji cha Ujamaa ambacho jina lake kwa Kizaramo ni "jaribu uone", mpaka Kimbiji na Pemba Mnazi, ambako Jumatatu unaweza kutembea saa nzima usikutane na mtu ila mvuvi na mbwa wake. Kasa hupanda kutaga katika pwani hizi za kusini. Ukiona alama kama ya tairi kubwa imetoka majini na kuishia kwenye majani, zunguka, usikanyage hapo.

Siku ile ya Idd, kwa njia, tulikaa. Saa nane maji yalikuwa magotini mwa watoto, saa kumi yalikuwa yamefika kwenye mkeka wetu, na shemeji alikuwa ameshika viatu vya watu wote juu ya kichwa, anacheka kuliko wanawe. Mzee alikuwa ameshaondoka. Ngalawa zake mbili zilikuwa zinaelea.