Uimarishaji wa kumbukumbu: kazi ya ubongo mtoto akiwa amelala

Mtoto wa Wete amesomeshwa chuoni aya tano za mwanzo za Suratul-Mulk. Jioni anazisoma mbele ya ustadhi bila ya kukwama, asubuhi ya pili mbili zimemtoka. Nyumbani anaambiwa hashiki, kichwa chake kizito. Mara nyingi kichwa hakina kosa. Kosa ni la saa alizolala. Hapo ndipo inapokuja dhana ya uimarishaji wa kumbukumbu, yaani namna ubongo unavyolikaza somo ili lidumu.

Somo la leo linashikwa kwanza na hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo. Hiyo inapokea upesi lakini haikai na vitu muda mrefu. Mtoto akizama kwenye usingizi mzito, seli zilezile zilizofanya kazi mchana zinaanza tena kwa mpangilio uleule, na kidogo kidogo somo linahamia kwenye gamba la ubongo, linakodumu. Ni kama ustadhi anayemrudisha mwanafunzi aya moja mara kumi, ila mwanafunzi huyu amefumba macho.

Mwaka 1924, huko Marekani, wanasaikolojia Jenkins na Dallenbach waliwahifadhisha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana. Walipolala baada ya kuhifadhi, walikumbuka nyingi zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Mwaka 2013 watafiti wa Massachusetts, hukohuko Marekani, wakajaribu kwa watoto wa umri wa maandalizi: siku waliyolala mchana walikumbuka vyema zaidi picha zilikokaa kuliko siku waliyonyimwa usingizi huo. Kwa waliozoea kulala mchana, hata usingizi wa usiku haukuwarudishia walichopoteza.

Hapa kwetu mtoto wa maandalizi anatoka skuli, anakula, na alasiri anatakiwa chuo. Kailula yake, yaani usingizi wa mchana, hapo katikati isikatwe. Anayemwamsha eti asije akawa mvivu anampotezea alichosoma asubuhi.

Jumuiya ya Marekani ya tiba ya usingizi ilitoa viwango mwaka 2016: mtoto wa miaka 3 hadi 5 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na za mchana, wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12. Sasa tuhesabu usiku wetu. Tamthilia imekwisha saa tano, adhana ya alfajiri karibu saa kumi na moja. Hizo ni saa 6. Mtoto wa miaka 8 kakosa saa 3, na akisahau anachapwa. Hili linaniuma sana, kwa sababu nafasi ipo: isha ikishasaliwa, saa mbili usiku mtoto anaweza kuwa kitandani, na alfajiri ikimkuta ameshatimiza saa 9.

Simu ibaki nje ya chumba. Mwanga wake unazuia melatonini, homoni inayoleta usingizi, na watoto wanaathirika zaidi kuliko sisi watu wazima. Mtoto aliyetoka kutazama katuni gizani anaweza kujilaza mapema na bado akakaa macho muda mrefu.

Mzazi anayetaka kujaribu amsomeshe mwanawe aya tatu baada ya isha, amlaze palepale, na amsikilize baada ya sala ya alfajiri, kabla hajenda skuli. Afanye hivyo wiki nzima, si usiku mmoja.