Choo cha mkulima wa mwani nacho ni haki

Nafanya kazi za afya ya mazingira huku Unguja, na kila tukikaa kikao cha vyoo hesabu inapigwa kwa nyumba tu, hii inacho, ile haina, basi. Sasa mie nauliza, mama wa Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki, ambae maji yakianza kupwa keshashuka kwenye mwani wake na harudi mpaka yajae, choo chake kiko wapi? Nyumbani kipo, sawa, lakini nyumbani ni mbali na bamvua, zile siku maji yanapokupwa na kujaa sana, halimsubiri mtu. Mwani unalimwa hapa toka 1989 na wakulima wengi ni wanawake, sio jambo la jana hili.

Wanachofanya wengi ni kutokunywa maji. Jua la utosi, kainama kwenye maji ya chumvi, haja kaibana. Mkojo ukikaa sana kwenye kibofu vijidudu vinazaana, ndo hizo yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, zisizokwisha, na kwa mjamzito zinaweza kupanda mpaka kwenye figo. Akiwa kwenye siku zake ndo balaa, hana pa kubadilisha, bora asishuke, na pesa ya bamvua hilo ndo imeshakwenda.

Na wala sio hisani jamani. Mkataba wa CEDAW wa 1979, ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, Tanzania tuliuridhia 1985, kifungu cha 14 kinamtaja wazi mwanamke wa shamba, kwamba ana haki ya kuishi katika hali nzuri, usafi wa mazingira umo pamoja na nyumba, umeme na maji. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaitambua huduma ya choo kuwa haki inayosimama peke yake, isimezwe tena na maji. Haki hiyo inataka choo kiwe karibu, salama, cha bei anayoiweza, na kimsitiri.

Ugumu upo, mashariki yote hii ni maweni, kuchimba ni mtaimbo na jasho, na hata shimo ukilipata jiwe lina nyufa, uchafu unapita chini mpaka kisimani. Kwahiyo choo cha pwani kinyanyuliwe, karo, yaani shimo la majitaka, liwe na sakafu na kuta zisizovuja, kijengwe juu ya pale bamvua linapofika, na pesa ya kunyonya karo iwemo kwenye bajeti toka mwanzo. Kiwe na maji, komeo kwa ndani, pipa la pedi lenye kifuniko. Na ufunguo wakae nao wakulima wenyewe, mana nimeshaona vyoo vizuri tu vimepigwa kufuli na mwenye ufunguo yuko mjini.